Kiporo cha mkate, Barrios Altos

Nilikuwa nishaufikisha mfuko wa mikate juu ya pipa la taka, Señora akanidaka mkono. "No, hijita," hapana, binti yangu, akasema, akauchukua mfuko wote.

Ilikuwa Agosti 2016, nami nimepanga chumba kwake Barrios Altos, mtaa mkongwe katikati ya Lima, Peru. Miezi ile jua huliona kwa bahati. Mvua ya maana hainyeshi, ila manyunyu wanayoyaita garúa hayakatiki, na mkate ukilala siku mbili unakuwa kama ngozi ya ngoma. Mimi niliona umekwisha. Yeye aliona ranfañote, tamutamu ya mkate uliolala.

Akanipa kisu niikate ile pan francés, viboflo vidogo vyenye mfereji katikati. Vipande akavikaanga kwa siagi, moto mdogo, mpaka vikawa vinalia vikigusana. Hapo hataki haraka kabisa: mkate usipokauka barabara, ukiingia kwenye shira unageuka uji.

Kisha akatoa chancaca, nami nikafurahi kama mtoto, maana ni sukari guru ile ile. Akaiponda, akaitia maji, mdalasini, ganda la chungwa na karafuu tano.

Harufu ya karafuu ilipopanda nikaweka kisu chini. Baba yangu alikuwa mchumaji Pemba. Msimu ukifika, usiku tulikuwa tukichambua karafuu na makonyo, asubuhi tunazianika majamvini na kuchungulia mawingu, nguo zetu zote zikinuka hivyo. Nikamweleza Señora, kwa Kihispania changu cha kukwama, kwamba karafuu ni tumba la ua, linachumwa kabla halijachanua. Akaiopoa moja kwa kijiko, akaigeuzageuza. Amepikia karafuu tangu utotoni na hakuna aliyewahi kumwambia hilo.

Ndipo naye akanisimulia. Ranfañote alijifunza kwa bibi yake, na wazee wa bibi yake walikuwa watumwa mle mle Lima, mpaka Rais Ramón Castilla alipoufuta utumwa mwaka 1854. Kwao ilisimuliwa kwamba mkate uliobaki mezani kwa mabwana ndio uliorudi jikoni ukawa tamutamu yao. Walitoka upande gani wa Afrika, hajui. Aliniuliza mimi, kama kwamba naweza kumjibu kwa kumtazama uso. Sikuweza, na swali lile halijanitoka hadi leo.

Shira ilipoanza kuvuta uzi tukatia mkate, nazi iliyokunwa, zabibu kavu na njugu za pekani. Yeye huongeza mvinyo mtamu. Siku ile chupa aliiacha kabatini kwa ajili yangu, bila kunitajia. Mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, akaleta jibini nyeupe mbichi iliyokatwa vipande. Nikamsihi aiache. Akakataa, na haki ilikuwa yake: chumvi kidogo ile ndiyo inayoukata utamu wa sukari guru, hata ukatamani kijiko kingine.

Tulikula ikiwa vuguvugu, sahani moja, vijiko viwili. Mwishoni ikabaki karafuu moja imenata chini. Akaibandua kwa kidole, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu.

"Flor," akasema. Ua.