Hakuna Atakayekugongea Kengele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Danieli 1:8: "Lakini Danieli aliazimu moyoni mwake ya kuwa hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme, wala kwa divai aliyokunywa." Nawaandikia hasa vijana wetu waliomaliza kidato cha sita na sasa wanasubiri vyuo vifunguliwe. Baadhi yenu mmetoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) juzijuzi, nywele bado fupi, na saa kumi na moja alfajiri mnaamka bila kuitwa. Natamani hiyo alfajiri msiipoteze.

Aliyesoma bweni anajua jinsi siku inavyokwenda kwa kengele. Kengele ya kuamka, ya usafi, ya mstarini, ya uji, ya prepu, ya kulala. Mwalimu wa zamu anajua nani hayupo. Hata ibada ina ratiba yake: UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, wana siku yao, TYCS, wanafunzi Wakatoliki, wana siku yao, na Jumapili hakuna anayebaki bwenini. Mtoto akikulia ndani ya utaratibu huo, huamini kwamba bidii aliyonayo ni yake na imani aliyonayo ni yake. Kumbe nusu yake ilikuwa kengele.

Chuoni mhadhiri anaingia kwenye ukumbi wenye wanafunzi mamia, anafundisha, anatoka. Usipofika hatakuuliza. Usiposali wiki nzima, hakuna matroni wa kukugongea mlango. Danieli naye alichukuliwa kwao akiwa kijana, akapelekwa Babeli, mbali na hekalu, mbali na wazee waliokuwa wakimtazama. Hakuna aliyekuwa pale wa kumwambia "usile". Ndiyo maana neno "aliazimu moyoni mwake" linanigusa sana. Uamuzi ulikuwepo kabla sahani haijafika mezani.

Niwaambie lililonipata mimi, maana nililijua jambo hili kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipewa kuongoza kwaya ya ushirika wa wanafunzi. Nilifurahi mno. Mazoezi Jumatatu na Jumanne, maombi Jumatano, mkesha Ijumaa, Jumamosi huduma katika shule za sekondari. Masomo niliyaachia wiki za mwisho, nikitegemea madesa, yaani notisi, ya wenzangu na nikisema moyoni kwamba Mungu ninayemtumikia atanishika mkono kwenye mtihani. Matokeo yakatoka. Sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Nilikaa kwenye kimbweta, benchi la kujisomea nje, mpaka giza likaingia, nikimuuliza Mungu kwa nini.

Mlezi wetu wa ushirika, mama mtu mzima, hakuharakisha kunifariji. Alifungua Danieli sura ya kwanza, akaniambia nisome mstari wa nne kwa sauti. Mfalme aliagiza vijana wale wafundishwe elimu ya Wakaldayo na lugha yao. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, Danieli alikataa nini hapa?" Nikasema chakula. "Na darasa?" Nikanyamaza.

Wapendwa, tumezoea kuwahubiria vijana wanaokwenda chuo kana kwamba hatari yao ni pombe na disko la Ijumaa tu. Hatari hiyo ipo, siipunguzi. Lakini Danieli alisoma miaka mitatu elimu ya watu waliouteka mji wake, na mstari wa kumi na saba unasema Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa Danieli na wenzake watatu maarifa na ujuzi katika elimu hiyo. Mungu alikuwa pamoja nao darasani. Mimi nilikuwa nimemwacha kule kwenye mazoezi ya kwaya, nikidhani hana haja na somo la takwimu.

Kwa hiyo jueni mapema jinsi alama za chuo zinavyojengwa. Katika vyuo vyetu vingi, alama 40 kati ya 100 zinatokana na majaribio, kazi za vikundi na mawasilisho ya katikati ya muhula. Mtihani wa mwisho unabeba 60. Muhula wenyewe haufiki hata miezi mitano. Yaani kufikia Krismasi sehemu kubwa ya hatima ya somo imeshaandikwa, wakati mwanafunzi mpya bado anazoea mji. Tena GPA, wastani wa alama zako zote, huanza kuhesabiwa muhula wa kwanza kabisa. Haisubiri uzoee. Na usishtuke ukikuta uliyekuwa wa kwanza shuleni kwenu umekaa katikati ya watu ambao nao wote walikuwa wa kwanza shuleni kwao. Hilo huwavunja wengi kimyakimya.

Jambo la pili katika sura hii hatulifundishi, nami naliona ni la thamani kuliko mengi. Danieli aliomba ruhusa. Baada ya kuazimu moyoni, alikwenda kwa mkuu wa matowashi kwa adabu. Yule mkuu alimpenda lakini akamwogopa mfalme. Danieli hakugomba, wala hakurudi chumbani kununa. Alimwendea msimamizi aliyekuwa chini ya mkuu, akiwa na pendekezo dogo linaloweza kupimwa: tujaribu siku kumi, mboga na maji, kisha ututazame nyuso zetu.

Shuleni, mwanafunzi anayeonekana ofisi ya walimu ametumwa daftari au ana kesi. Tukawalea watoto wakiogopa ofisi. Wakifika chuo wanaumia kimya mpaka mambo yameharibika. Mwanangu, mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi, mara nyingi zimebandikwa mlangoni. Nenda mwezi wa kwanza, kabla hujawa na tatizo, umuulize kuhusu somo lenyewe. Ukiugua mtihani unapokaribia, fika hospitali, pata cheti, omba kuahirisha kabla ya siku ya mtihani. Ukishakaa kwenye chumba cha mtihani na homa yako, hoja hiyo imekuwa ngumu kusikilizwa. Jina lako lisipotokea kwenye malipo ya Bodi ya Mikopo, chuo kina afisa mikopo. Moyo ukikuelemea usiku mpaka huoni sababu ya kuamka, yupo mshauri wa wanafunzi, yupo mchungaji, ipo na simu ya kutupigia sisi. Kuomba msaada Danieli hakukuona kuwa ni upungufu wa imani.

Na kama mwenye ofisi ndiye anayekugeuzia maombi, akataka mwili wako ili akupe alama, hapo usibaki peke yako na siri. Ondoka. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113. Nasema haya mbele ya wazazi, kwa sababu binti akirudi nyumbani na habari hiyo, swali la kwanza lisiwe "ulivaa nini?"

Sasa sahani yenyewe. Mfalme aliwapangia kina Danieli posho ya kila siku. Nanyi mtakaopata mkopo mmepangiwa kwa siku, shilingi 10,000 za chakula na malazi, ila fedha hiyo haiji kwa siku. Inaingia kwa mkupuo, ya miezi miwili hivi, na kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anajikuta na laki kadhaa kwenye simu. Boom, yaani hiyo fedha ya mkopo, likitoka, vibanda vya chipsi kuku hujaa wiki ya kwanza. Wiki ya sita watu wanakunywa uji bila sukari. Nimeona vijana waombaji wazuri wakikopa kwa riba kwa sababu ya simu mpya.

Chukueni zile siku kumi za Danieli mzifanye kweli. Siku kumi za kwanza baada ya fedha kuingia, usinunue kitu kisicho chakula, nauli au cha darasani. Andika kila shilingi. Lipa pango kwanza, toa sadaka yako, kisha gawa kinachobaki kwa siku zilizobaki. Na kumbuka ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka liishe. Jirani yako wa chumbani huenda hana mkopo kabisa na anaona aibu kusema. Mkaribishe kwenye ugali wako bila kumhoji.

Tena walikuwa wanne. Mfalme alipoota ndoto na maisha yao yakawa hatarini, Danieli alirudi nyumbani akawaambia Hanania, Mishaeli na Azaria, wakaomba pamoja. Tafuteni watatu wenu Jumapili ya kwanza, msingoje ya tano. Ushirika wa wanafunzi Wakristo, kama TAFES, USCF, CASFETA na TMCS, upo katika vyuo vingi. Ila muwe na kipimo. Mkikuta ushirika unaowaambia kusoma ni kukosa imani, kumbukeni sapu zangu tatu.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi. Babeli iliwabadilishia vijana wale majina. Danieli akaitwa Belteshaza. Hata hivyo kitabu kinaendelea kumwita Danieli, "Mungu ni mwamuzi wangu", jina alilotoka nalo kwao. Wazazi wake hawatajwi popote. Mtakapopiga simu chuoni msianze na matokeo. Muulizeni mtoto amekula nini, analala na nani chumbani, Jumapili alisali wapi. Kisha mnyamaze, msikilize hata akikawia kujibu.

Tuombe. Bwana, unawajua hawa kwa majina yao ya nyumbani. Yule atakayeshuka stendi usiku na begi lake, asijue aelekee wapi, mpe mwenyeji mwema. Yule aliyekosa mkopo, mfungulie njia. Alfajiri ya kwanza isiyo na kengele, waamshe wewe. Katika jina la Yesu. Amina.