Baba aliposema ni mshipa tu

Kwetu upande wa Pangani, chochote kinachomvimba mwanamume chini ya kitovu ni mshipa. Ukiuma ni mshipa, usipouma ni mshipa, na ukiteremka mpaka kwenye korodani watu wanasema umemshuka. Baba aliishi na mshipa wake miaka 11, akaunywea mizizi ya kila namna, na mimi bintiye sikujua lolote mpaka siku aliposhindwa kunyanyuka shambani na kikapu cha mihogo.

Sasa binti atamuuliza nini baba yake kuhusu sehemu hiyo? Nilikwenda zahanati peke yangu, nikamweleza nesi kwa kuzungukazunguka, akanikatisha: "Mama, kamuulize mambo mawili tu. Akilala, uvimbe unarudi? Akikohoa, unatokeza?"

Njia nzima nilikuwa nafikiria nimtume nani. Mume wangu ni mkwe, haiwezekani. Baba mdogo yuko Unguja. Akabaki mwanangu wa miaka 19, ambaye na babu yake wana utani wa kugombea bibi. Jioni nikiwa jikoni nilimsikia barazani: "Mume mwenzangu, huo mzigo wako ukilala unalala nao, au unarudi kwao?" Mzee akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa akajishika kinena. Kisha akasema, "Unarudi. Asubuhi ndiyo unaamka na mimi." Tukawa tumepata majibu yote mawili.

Kwa majibu hayo tukapewa rufaa. Kliniki ya upasuaji daktari alimsimamisha, akamkohoza, akazima taa na kumulika kwa tochi. Mimi nilikuwa nje, mwanangu ndiye aliyeingia naye. Baadaye niliitwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno letu moja limebeba magonjwa zaidi ya moja. Busha ni maji yanayojaa kuzunguka korodani. Huku pwani mengi yanatokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na tochi ikimulikwa mwanga hupenya. Kwa baba mwanga haukupenya. Yake ilikuwa ngiri ya kinena: ukuta wa tumbo umelegea, na utumbo unachungulia hapo. Mzee hakuelewa ukuta gani, basi daktari akamuuliza kama amewahi kuendesha baiskeli. "Tairi likipasuka, mpira wa ndani unafanyaje?" Baba akajibu, "Unatoa kinundu." "Ndiyo hicho. Na dawa yake siyo kunywa mizizi, ni kurudisha mpira ndani na kuweka kiraka."

Kiraka chenyewe ni wavu laini unaoshonewa ndani na kubaki humo maisha yote. Baba alitaka kujua wavu wa samaki gani. Daktari akacheka, akamweleza kwamba Uganda wanaume 302 walifanyiwa upasuaji wa ngiri katika utafiti uliochapishwa 2016, baadhi yao wakawekewa wavu uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua, na baada ya mwaka mmoja matokeo yao yalikaribiana sana na ya waliowekewa wavu wa dukani, ambao ni ghali. (Kitambaa hicho kilitakaswa kitaalamu. Asije mtu akachana chandarua cha watoto.)

Tarehe tuliyopewa ilikuwa wiki tatu mbele. Nilinunua kaunta buku, na ukurasa wa kwanza niliandika aliyosema daktari kuhusu kungoja: uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, mzee akitapika, akikosa choo na hata upepo, usisubiri kuche. Hapo utumbo umebanwa na damu haipiti, na ukikosa damu unaoza. Chini yake nikaandika namba za madereva wawili wa bodaboda na mmoja mwenye gari. Hatukuwapigia, lakini nililala.

Maswali mengine ya daktari yalinishangaza. Anavuta sigara? Anakohoa usiku? Akienda haja kubwa anajikamua? Mkojo unatoka kwa shida? Nilidhani anatoka nje ya mada, kumbe kila kinachosukuma tumbo ndicho kilichopasua tairi, na kinaweza kupasua kiraka. Sigara baba aliacha kwa manung'uniko. Suala la mkojo alikanusha, na uongo huo tuliulipia baadaye.

Fomu ya ridhaa alitaka nimsainie mimi. Daktari akakataa: "Mzee una akili zako timamu, tumbo ni lako." Akasaini kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni utotoni, polepole, kama anayeandika hirizi. Kisha akachorwa mshale kwa kalamu ya wino juu ya paja la kulia, upande wa kupasuliwa. Alinung'unika kwamba anatiwa alama kama mbuzi, lakini mimi nilifurahi kuuona ule mshale.

Kosa kubwa lilikuwa letu wenyewe. Sista alisema asile kitu tangu usiku wa manane, asubuhi ameze kidonge chake cha presha tu kwa maji funda moja. Mimi nikaenda kuoga. Niliporudi, shangazi alikuwa amemnywesha chai ya maziwa na vitumbua viwili. "Mtu haendi kisu na njaa, mwanangu." Upasuaji ukaahirishwa siku mbili. Shangazi alilalamika kwamba sindano ni ya mgongo, hailazi mtu, tumbo linahusianaje? Mtaalamu wa usingizi hakumkaripia. Alimweleza kwamba sindano ya mgongo ikishindwa kushika, mgonjwa hupewa nusu kaputi, na chakula kilichoko tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Siku ya pili shangazi mwenyewe ndiye aliyekaa mlangoni akiwafukuza wenye vyombo.

Upasuaji haukuchukua muda mrefu. Alitoka anaongea, ila ananong'ona: "Miguu yangu imebaki huko ndani." Ilirudi baada ya saa chache. Kilichokataa kurudi ni mkojo. Saa nne usiku tumbo la chini limejaa kama ngoma, mzee anahangaika, anasema ni gesi. Nilimwita sista, akambonyeza kidogo na kujua. Aliwekewa mpira wa mkojo, na ulipoanza kutiririka akafumba macho na kusema Alhamdulillahi. Ndipo akakiri kwamba kwa miaka miwili amekuwa akiamka mara nne kila usiku. Angesema kliniki, tezi dume lingeangaliwa mapema. Sasa tuna kliniki nyingine ya hilo.

Siku ya pili korodani ilikuwa imevimba na kugeuka rangi ya zambarau. Nilidhani imeoza. Kumbe ni damu ya mchubuko inayoteremka, huisha yenyewe. Wa kuogopewa ni wekundu unaosambaa, joto, usaha na homa. Nyumbani nililinda kidonda dhidi ya wageni kuliko dhidi ya nzi: mmoja alikuja na majivu, mwingine na unga wa vidonge alivyoviponda. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki moja.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote ya hospitali. Mwanangu alikata tundu kwenye kiti cha plastiki, akakiweka juu ya shimo. Papai kila asubuhi, tembele mchana, maji mengi, na jembe likafungiwa stoo kwa wiki sita, ufunguo kwangu.

Wiki ya nne jirani yetu mmoja, mzee wa heshima zake, alikuja baada ya magharibi. Alinisalimia, akaulizia mvua, akaulizia bei ya nazi, halafu akamwomba mwanangu amsindikize mpaka njiani. Walisimama chini ya mwembe, nami nikiwa dirishani nikasikia sauti ya mwanangu, safari hii bila utani:

"Babu, ukilala unarudi?"

"Haurudi. Haujawahi."

"Basi wako siyo kama wa babu. Kesho tutakwenda na tochi."