Miiko mitano ilifutwa, neno ujamaa likabaki

Wengi wakieleza CCM, chama tawala cha Tanzania, ilivyoachana na ujamaa huanza na viwanda vilivyouzwa. Mimi naona pa kuanzia ni miiko ya uongozi.

Azimio la Arusha, 1967, tamko la ujamaa la TANU, chama kilichotangulia CCM, lilitaka kila kiongozi wa chama hicho na wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi, asiyeshiriki jambo lolote la kibepari au kikabaila. Asiwe na hisa kwenye kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na mwiko ulimbana hata mume au mke wake, kwa hiyo kuandikisha nyumba kwa jina la mkeo hakukusaidia.

Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mshahara mmoja haukulisha familia, na watumishi walikuwa wameshaingia kwenye kufuga kuku na miradi mingine. Mwaka 1986 Serikali ya Rais Mwinyi ikakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa: shilingi ishushwe thamani, biashara ilegezwe. Mwiko uliokuwa ukivunjwa kimyakimya ulihitaji ama kusimamiwa upya ama kurekebishwa. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar, ikaruhusu hisa, ukurugenzi, mshahara wa pili na nyumba za kupangisha.

Tazameni mfuatano. Sheria ya Mashirika ya Umma iliyofungua njia ya ubinafsishaji ni ya 1992. Viongozi waliruhusiwa kumiliki kwanza, mali ya umma ikaja sokoni baadaye. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa, kuliko hata masharti ya IMF.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 haikuziba pengo hilo. Inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake kila mwaka, ifikapo mwisho wa Desemba. Lakini tamko huorodhesha mali, halizuii kuimiliki.

Katiba ya nchi bado inasema Tanzania ni ya kijamaa. Someni ibara ya 151, inapofafanua ujamaa: demokrasia, kujitegemea, uhuru, haki, usawa, udugu, umoja. Suala la nani amiliki njia kuu za uchumi, lililokuwa moyo wa Azimio, halimo katika ufafanuzi huo. Ndiyo maana mwaka 2015 chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, walipotaka kuirudisha miiko, ilibidi waandike azimio lao wenyewe, la Tabora.