Daftari la Michango Nimelitoa Kwenye Baraza la Bao

Tangu niliondoe daftari la michango pale barazani kwangu, maneno yamekuwa mengi kuliko kete. Wapo wanaosema fundi kawa bahili. Wapo wanaosema ni mke wangu kanituma. Mmoja kaenda mbali zaidi, eti nataka kugombea udiwani na hii ndiyo kampeni. Siwezi kumjibu kila anayeleta suruali ya kupunguzwa, kwa hiyo najibu hapa mara moja.

Kwa msionifahamu, mimi ni fundi cherehani, Ujiji, Kigoma, upande wa barabara inayoteremka kwenye makumbusho ya Livingstone. Mbele ya duka pana baraza ya saruji na juu yake bao. Ubao ni wa mninga, mzito, mashimo yake 32 yamelainishwa na vidole vya watu ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Kete zote 64 ni komwe za pwani, si kokoto. Baada ya alasiri watu huanza kuja mmoja mmoja: wavuvi wasioingia ziwani siku hiyo, vijana wa bodaboda wanaokimbia jua, mwalimu wa sekondari, bwana mmoja muuza mawese mwenye maduka mawili, na mstaafu wa reli ambaye sote tunamwita Mzee wa Reli. Mimi huwa ndani nashona, sikio liko nje. Nikisikia kelele najua nyumba ya mtu, lile shimo lake kuu, imeliwa.

Ninachokipenda kwenye bao ni kwamba mtu akishakaa pale hana cheo. Kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba. Mwenye boti tatu haongezewi kete. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, na Mzee wa Reli hupenda kutukumbusha kwamba hata rais, nyumba yake ikiliwa, imeliwa. Mifuko ya suruali za hawa watu nimeishona mimi, lakini kilichomo ndani sikuwa nakijua, na wala hakuna aliyekuwa anakijua cha mwenzake. Tulikuwa tunajuana kwa uchezaji: huyu ana papara, huyu anahesabu, yule anajifanya mjinga mpaka mtaji, hatua ya pili ya mchezo, ufike ndipo uone meno yake.

Pesa ziliingia kwa adabu, lazima niseme hivyo. Komwe zilianza kupotea, watoto wanazichukua, tukachanga tukaagiza nyingine kwa mtu aliyekuwa anatoka Tanga. Ubao ukapasuka upande wa kichwa, tukachanga, seremala akaubana kwa bati na misumari. Hapo sijamsikia mtu akinung'unika hata siku moja, na sioni kwa nini angenung'unika. Anayechezea ubao ndiye anayeutengeneza. Halafu mwenzetu akalazwa hospitali ya Maweni, tukapitisha kofia. Nayo sikuona kosa. Kofia inapita, unaingiza mkono, hakuna anayejua umeacha nini mle ndani, au kama umeingiza mkono tu ukautoa.

Kisha mtu mmoja, mwenye nia njema kabisa, akaleta daftari. Daftari kubwa la jalada gumu, kalipiga mistari kwa rula: Jina, Ahadi, Taslimu, Baki. Likatobolewa pembeni, likafungwa uzi wangu mwenyewe wa kushonea jinzi, likatundikwa ukutani kwa msumari, karibu kabisa na ubao.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baada ya mgonjwa ikaja harusi, baada ya harusi ikaja send-off, ikaja ada ya mtoto wa kidato cha kwanza, tairi ya pikipiki, bati la paa lililopeperushwa, arobaini ya shemeji wa mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona huyo shemeji wala huyo mtu akicheza. Wakaanza kuja na wageni. Mtu anakaa wiki mbili anatazama, hajui hata namua, hatua ya kwanza ya mchezo, ni nini, wiki ya tatu anasimama anasafisha koo: "Ndugu zangu, mimi ni mwenzenu." Na kila ombi lina mkia wake, tuma kwenye namba hii, na usisahau ya kutolea.

Ningeweza kuyavumilia hayo yote. Jioni moja nikaona kitu kilichonifanya niache cherehani.

Muuza mawese alikuwa anacheza na kijana wa bodaboda. Walikuwa bado kwenye namua. Bwana akaweka kete yake shimo la katikati, akala kete tatu za kijana, akazipanda kuanzia kichwa cha kulia, yaani shimo la mwisho upande huo: moja, mbili, ya tatu ikatua kwenye shimo tupu. Amelala. Zamu ya kijana. Lakini bwana, bila hata haya, akazizoa zile tatu kwa kiganja kimoja. "Subiri kwanza, mimi nilikusudia kuanza kushoto." Akazipanda kushoto, zikamwendea vizuri mno, akala tena, akala tena, mpaka nyumba ya kijana ikabaki shimo.

Anayelijua bao anajua kwamba hiyo haipo. Ukila katikati una hiari ya upande, sawa, lakini hiari inaisha kete ya kwanza inapoguswa na shimo. Siku nyingine yoyote Mzee wa Reli angepiga kelele zifike mpaka sokoni: "Kete imeshatua hiyo!" Siku ile Mzee alikuwa anakuna goti. Yule kijana akainua macho, akatazama ukutani lilipotundikwa daftari, akateremsha macho. Tairi ya nyuma ya pikipiki yake, shilingi 50,000 zilitoka kwa bwana yule yule, na zilikuwa zimeandikwa pale kwa kalamu nyekundu ili zionekane. Na goti la Mzee nalo lilikuwa na dawa zake kwenye ukurasa wa pili.

Sikusema kitu mbele za watu. Lakini nilijua tumeshaanza kucheza mchezo mwingine, ambao wenye kete nyingi mkononi wanajulikana kabla hatujakaa.

Upande wa pili wa daftari ndio mbaya zaidi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sibishani na hilo, tumeona wenyewe migebuka ilivyokuwa inapungua na wavuvi wenyewe wanalijua. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu. Kuna mvuvi, kwangu mimi ndiye mchezaji bora kuliko wote wanaokaa kwenye baraza lile, alikuwa ameahidi shilingi 10,000 za send-off ya binti wa mwenzetu. Aliahidi mwezi wa nne, ziwa likiwa wazi na dagaa wanakamatwa. Ziwa likafungwa. Ile safu ya Baki ikawa inasoma 10,000 kila anayefunua ukurasa. Hakuna aliyemdai kwa mdomo. Hakukuwa na haja, ukuta ulikuwa unamdai.

Akaacha kuja. Nilidhani kaenda Kasulu kulima. Kumbe yupo, ila akielekea msikitini anapita njia ya nyuma, kule kwenye migomba. Nikamfuata ufukweni siku moja, nikamkuta amechimba mashimo 32 kwenye mchanga, anacheza na mpwa wake kwa vijiwe. Tukasalimiana, nikamuuliza mbona kimya.

"Fundi," akasema, "mimi nikija pale naliwa kabla sijakaa."

Nilipolishusha daftari, wa kwanza kunijia alikuwa Mzee wa Reli. Alinikuta napima koti.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Fundi, mficha uchi hazai. Unalijua hilo?"

"Nalijua Mzee."

"Sasa wewe unawaambia watu wafiche. Mtu unakaa naye kila siku, umekula nyumba yake, amekula yako, mmefuturu pamoja, kama yeye hutamwomba, utamwomba nani? Benki?"

Hoja ya Mzee ina uzito, na wengi wanaonilaumu hawana hoja nzuri kama hiyo. Kuomba si aibu. Mwenye shida akinyamaza mpaka shida imzidi, lawama inatuangukia sote. Nilichomjibu Mzee ni hiki: mwombe mtu, usiliombe baraza. Ukija kwangu peke yangu, ukaniambia "Fundi, nimekwama," mimi naweza kukwambia ninacho au sina, na kesho tukacheza, wewe ukaniona ni yule yule. Ukisimama mbele ya watu kumi na wote wananitazama, umeshanifungia njia. Nitatoa hata kama kodi ya fremu sijalipa, au nitaahidi uongo. Na asiyeweza kutoa wala kuahidi, atapita njia ya migomba.

Mzee akasema mtu mmoja mmoja ni mzigo mzito kwa mwombaji, anarudia aibu ile ile mara kumi. Nikamwambia ndiyo maana ataenda kwa wawili au watatu anaowaamini, na atakwenda kwa shida iliyo shida kweli. Tairi haitazunguka nyumba kumi. Hapo hatukukubaliana. Akaondoka na koti lake likiwa halijapimwa mikono.

Mke wangu yeye anatucheka sote wawili. Ana kikoba chake hapa mtaani, wanakutana kila wiki: hisa zinanunuliwa, mfuko wa jamii unawekwa pembeni kwa ajili ya wagonjwa na misiba, mkopo una riba, aliyechelewa ana faini, mwisho wa mwaka wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. "Ninyi wanaume," ananiambia, "mnataka kufanya kikoba bila katiba huku mnacheza komwe." Na kweli. Aliyeingia kwenye kikoba aliingia kwa ajili ya pesa, anajua anachodaiwa na lini. Kwenye bao hakuna aliyesaini. Watu wamekuja kupumzika na hizo hizo pesa zinazowasumbua huko walikotoka.

Kuna jambo moja lililonitatiza, na bado linanitatiza. Kijana mmoja anayetujia kutoka Gungu ana mkono wa bao ambao sijauona siku nyingi. Akapata habari ya mashindano Dar, anataka kwenda, nauli hana. Kutoka Kigoma mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na njiani kuna kula. Hii ni shida ya mtu au ni shida ya bao? Kama ni ya ubao tungechanga bila kusita. Mwalimu akatoa wazo: acheze na kila mmoja wetu, anayefungwa anatoa shilingi 2,000. Vijana wakashangilia. Mzee wa Reli akasimama, akasema hiyo ni kamari, na siku kamari ikichezwa kwenye baraza lile yeye hatakanyaga tena. Hapo Mzee alikuwa na mimi, na hatukutaka hata kusikiliza yale maelezo ya mwalimu kwamba eti ni mchango wenye sura ya mchezo.

Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa mfuniko, nikaliweka ndani ya duka, nyuma ya cherehani, mahali ambapo mtu anaingia kama anayekuja kuuliza bei ya kushona. Hakuna jina. Kopo likakaa wiki kadhaa. Tulipolifungua, niwe mkweli, zilikuwa pungufu sana kuliko ambazo daftari lingeleta. Daftari lina nguvu kwa sababu linatisha, kopo halimtishi mtu. Kijana akaenda daraja la tatu, akafikia kwa ndugu yake Tandika, akafungwa mapema na mzee mmoja wa Kizanzibari, akarudi na mbinu ya kuichunga nyumba ambayo mpaka leo hatujapata dawa yake.

Katika zile pesa za kopo kulikuwa na noti moja iliyonuka dagaa. Sikuuliza. Mvuvi wetu amesharudi, anakaa upande wake ule ule wa mashariki, na anatukula kama zamani.

Muuza mawese amenuna. Alikuja juzi akaniuliza kama mchango wake wa mwezi huu utaandikwa wapi. Nikamwonyesha kopo. Akaniuliza watu watajuaje. Nikamwambia hawatajua. Akasema basi atafikiria, akatoka, akakaa kwenye ubao, akafungwa na yule kijana wa bodaboda. Alipotaka kurudisha kete, kijana akamshika mkono kwa adabu zote: "Mzee wangu, imeshatua." Nikarudi kwenye koti la Mzee wa Reli, ambalo anasisitiza nimelibana mabega makusudi.

Anayetaka kucheza, tupo kila siku baada ya alasiri. Jumapili hatutakuwepo, tuna harusi Mwanga, hapa hapa Kigoma. Mchango wangu nimeshampa baba mwenye harusi, mkononi, na kiasi gani msiniulize.