Thamosi Saba

Zamu yangu katika chama cha vyombo ilikuwa Septemba, na nilikuwa nimeipigia hesabu tangu Januari. Tulikuwa wanawake 14. Kila mwezi tulienda kwa mwenzetu mmoja, tukanywa chai yake, tukamwachia vyombo. Pesa mkononi tulizikataa kwa sababu kila mmoja wetu alijua zinavyogeuka karo kabla hazijalala. Mimi nilitaka sahani nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, zile za kuwekwa kabatini zitazamwe na wageni.

Mwishoni mwa Julai 2017, Nyar Ugenya, msaidizi wetu wa nyumbani, akaja sebuleni akiwa bado na mikono yenye povu, akasimama kando ya kiti.

"Mwalimu, mwezi wa tisa natoka."

Kisumu mwanamke huitwa kwa kwao: "Nyar", yaani binti wa, kisha jina la huko. Mimi, niliyeolewa huku kutoka Vihiga, ni Nyar Maragoli kwa majirani wote, na yeye alikuwa Nyar Ugenya hata kwa muuza mkaa. Alikuja kwetu Migosi mwaka 2011, kifungua mimba wangu akiwa na wiki tatu. Watoto wangu wote wawili wamejifunza kutembea wakishikilia sketi yake. Wake mwenyewe, mvulana, alilelewa na nyanyake huko Ugenya, na sasa alikuwa anakaribia kuingia darasa la kwanza. Mamake alitaka aanzie shule mikononi mwake. Alikuwa amepata chumba Manyatta, cha mabati, mlango mmoja na dirisha moja, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kazi angeitafuta akiwa huko.

Nikamuuliza ana nini cha kuanzia.

"Godoro niko nalo."

"Na vitu vya jikoni?"

Akacheka. "Jikoni kwangu si ni hapa, Mwalimu?"

Usiku ule nilizitazama zile sahani za dhahabu kichwani mwangu kwa muda mrefu. Sitajipa sifa nisizostahili: sikuziachilia kwa moyo mweupe. Lakini niliziachilia. Katika mkutano wa Agosti nikawaambia wenzangu kwamba zamu yangu nampa Nyar Ugenya.

Kimya. Kisha maswali yakaanza, na yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia.

"Kwani anaolewa?"

"Haolewi."

"Amejifungua?"

"Hapana."

"Sasa tunampigia vigelegele kwa lipi?"

Mwingine akasema waziwazi kwamba nikimpa wangu, kesho wa kwake naye atadai. Nilimkasirikia sana wakati ule, ingawa nakiri wazo lenyewe lilikuwa limenipitia hata mimi. Aliyetuokoa ni Nyar Gem, mkubwa wetu kwa umri, ambaye kwa kawaida husinzia mpaka chai iletwe. Alifungua jicho moja, akauliza, "Kwani miaka yote hii vikombe vyenu vimekuwa vikijiosha?" Akalifumba tena. Mjadala ukaisha.

Nikaandika orodha. Kazi yangu ni kuandika ubaoni, kwa hiyo niliigawa vizuri: huyu sufuria za kupanga, huyu jiko la makaa lenye udongo ndani, huyu karai, huyu jerikeni ya lita 20, huyu vikombe sita, huyu hotipoti, huyu thamosi. Thamosi moja. Nilipigia mstari hiyo "moja", kwa sababu nimehudhuria shughuli za aina hii za kutosha.

Lakini nani alikuwa na akili ya orodha Agosti ile? Uchaguzi ulikuwa tarehe 8, na baada ya matokeo tulilala tukisikiliza milio kutoka upande wa Kondele. Maduka yalifunguliwa nusu, yakafungwa, yakafunguliwa tena. Siku tuliyokuwa tumepanga kwenda kununua vyombo ikapita bila mtu kutoka nje. Unga wa mahindi, uliokuwa umepita shilingi 150 pakiti ya kilo mbili kabla serikali haijaushusha hadi 90, ndio ulikuwa mazungumzo ya kila mama, na huo wa 90 wenyewe ukiupata unawapigia simu jirani zako. Shughuli yenyewe tukaiweka Jumamosi, tarehe 2 Septemba. Katikati, tarehe 28 Agosti, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, faini ikifika hadi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Wamama wa soko la Kibuye waliokuwa wakifunga hata nyanya mbili kwenye jwala sasa walikuwa wakikutazama tu, uamue mwenyewe utabebea wapi.

Halafu Ijumaa, mkesha wa shughuli yetu, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya uchaguzi wa urais. Mji mzima ukamwagika barabarani. Pikipiki zilipiga honi mpaka betri zikachoka. Siku hiyohiyo Waislamu wa Kaloleni walikuwa wakila Idi ya kuchinja, kwa hiyo kila upande kulikuwa na sherehe yake. Wanachama wangu, waliokuwa wameahidi kwenda kununua vyombo Ijumaa mchana, walikuwa na matawi mikononi wakiimba. Na mimi nilikuwa miongoni mwao, nisijitoe.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi karibu wote walikimbilia Kibuye, wakakuta vibanda vingi vimefungwa, mafundi wa sufuria wamelala, na kijana mmoja tu ametandaza bidhaa zake kwenye turubai. Alikuwa na thamosi.

Walianza kuingia saa nane. Kwa sababu ya ile marufuku hakuna aliyeweza kuficha zawadi yake. Mmoja alifika kwa pikipiki amejivika karai kichwani kama kofia. Mwingine alifunga vikombe kwenye leso, vikilia kama kengele ya mbuzi. Na nyuma yao, mmoja baada ya mwingine, thamosi. Nyekundu, maua meupe ubavuni, kifuniko cha kikombe juu. Ya kwanza tukaipokea kwa makofi. Ya pili tukasema si mbaya, ya chai na ya maji moto. Ya tatu watu wakaanza kuangaliana. Ya nne aliyeibeba alipoona mezani kuna tatu pacha, akasimama mlangoni akasema, "Yule kijana aliniambia ndiyo ya mwisho!" Tulicheka mpaka Nyar Gem akaomba kiti cha kuegemea. Zilifika saba.

Nyar Ugenya alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa siku hiyo, na nilikuwa nimempa kiti kikubwa, kile cha baba watoto. Hakukalia hata dakika tano. Kila mgeni akiingia, yeye huyo jikoni. Anarudi na birika. Anakwenda tena. Mara ya nne Nyar Gem akamshika mkono.

"Mwanangu, keti. Leo wewe ndiye mwenyewe."

Akaketi pembeni kabisa mwa kile kiti, kama mtu anayesubiri matatu. Nikaenda jikoni mimi. Maji yalikuwa yanachemka, maziwa yapo, majani ya chai nikayaona. Kichungi sikukiona. Nikafungua droo, nikafungua kabati, nikainama chini ya sinki. Sebuleni wakaanza kuuliza kama nimeenda kuchuma majani Kericho. Nikatoka mlangoni, mbele ya wanawake 13, nikaita:

"Nyar Ugenya, kichungi kiko wapi?"

"Nyuma ya mlango, msumari wa pili."

"Na sukari?"

"Iko ndani ya gorogoro, chini ya unga. Ile ya juu ni chumvi."

Walichekea chai yangu baadaye pia, na walikuwa na haki. Ilikuwa ya majani mengi na maziwa machache, na ilipofika kwa Nyar Ugenya aliionja, akaweka kikombe chini taratibu, asiseme kitu. Miaka sita nilikuwa nikiita jikoni kwangu "jikoni kwangu".

Jirani yetu wa zamani, bibi mmoja wa Kaloleni, hakuwa mwanachama ila nilimwalika kwa sababu Nyar Ugenya alimpenda. Alifika na sinia la pilau ya Idi, limefunikwa kwa kawa, na mzigo uliofungwa kwa gunia. Alipopewa nafasi ya kusema akasimama wima.

"Wanangu, mimi nina machache. Nimemletea binti yangu mbuzi."

Vigelegele vilipanda mpaka watoto wakaacha mpira nje. Jana yake kulikuwa na Idi, basi nani asingeamini? Mwanachama mmoja alikwisha toka uani kumtafuta mbuzi amefungwa wapi. Bibi akafungua gunia lake bila haraka, akatoa kibao cha kukunjika chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi ya kukunia nazi.

Huku kwetu nazi husafiri kwa lori kutoka Pwani, na nyumba nyingi hazijawahi kuikuna hata moja. Wanawake walikitazama kile chombo, wakamtazama bibi, na bibi akabaki ameukaza uso kwa muda unaomtosha kabla ya kuangua kicheko. Hadi leo sijui kama ulikuwa utani wa kupangwa. Nyar Ugenya alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

Nyar Gem alileta chungu. Hakusema lolote kukihusu, alikiweka tu mezani kati ya zile thamosi nyekundu, cheusi, cha tumbo pana, cha kulaza mboga za kienyeji na maziwa zipikwe leo ziliwe kesho. Hakikuwa kipya. Ukingoni kulikuwa na alama ya pale mwiko ulipozoea kuegemea.

Jioni, wengi walipokuwa wamekwenda, tulikagua mezani. Thamosi saba, karai, vikombe kumi na viwili, jerikeni mbili, jiko, hotipoti, chungu, mbuzi, sahani za bati, pakiti tatu za unga wa 90. Sufuria hapana hata moja: aliyepewa sufuria kwenye orodha alikuwa mmoja wa wale waliokuta mafundi wamelala. Kisu hapana. Mwiko hapana. Nikaingia jikoni nikamtolea kisu, mwiko, na kile kichungi cha msumari wa pili. Nikamwambia achague kingine chochote akitakacho.

Hakufikiri. "Ile sufuria ya ugali."

Nilijua ipi. Mamangu aliinunua sokoni Luanda mwaka nilioolewa. Nzito, imebonyea upande mmoja, nyeusi nje kama kisogo cha jiko. Imepika ugali wa nyumba yangu wote.

"Hiyo ni kuukuu," nikamwambia. "Kesho Jumapili soko limejaa. Nitakununulia mpya kubwa."

"Hiyo ndiyo naijua, Mwalimu."

"Nitakununulia mpya," nikarudia.

Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake nilinunua mpya kweli, ya fundi wa Kibuye, inayong'aa mpaka unajiona. Alishukuru sana. Tulipakia kila kitu kwenye mkokoteni, thamosi zikiwa zimefungwa kwa leso yangu zisigongane kwa sababu ndani ni kioo, na watoto wangu wakausukuma hadi kona ya barabara huku wakilia. Mimi nililia nikiwa ndani, nikitafuta kiberiti.

Yaliyofuata nyumbani kwangu hayana haja ya kusimuliwa sana. Ugali uliungua. Niliongeza maji, ukawa uji. Nikapunguza moto, ukabaki na mabonge. Mume wangu alikula bila neno, jambo ambalo ni baya kuliko maneno.

Oktoba uchaguzi wa marudio ulipita, na Kisumu hatukupiga kura. Desemba, mji umetulia, nilikuwa Kibuye asubuhi kutafuta viatu vya mitumba nikasikia vyuma vinagongwa upande wa mafundi wa jua kali. Nikapita huko. Kati ya majiko na masanduku ya bati niliona nyekundu. Maua meupe ubavuni. Thamosi tano zimepangwa juu ya sanduku, na mbele yake foleni fupi ya mafundi wenye mikono ya masizi.

Nyar Ugenya alikuwa amekaa juu ya ile mbuzi ya nazi, ulimi wa chuma ameufunga kwa kitambaa. Ya sita ilivunjika, akaniambia, na ya saba ni ya nyumbani. Mvulana alikuwa ameshafika kutoka Ugenya, yuko kwa jirani. Anaamka saa kumi, anachemsha chai yote kwa lile jiko moja, thamosi mbili za mkandaa, tatu za maziwa, na saa tatu kamili anarudi kujaza tena. Alinieleza haya yote akimimina, bila kumwaga tone, huku akimrudishia fundi mwingine chenji.

Nikanywa. Ilikuwa ile chai niliyoikosa miezi mitatu. Nikampa noti ya hamsini nikamwambia abaki nayo.

"Chai ni kumi na tano, Mwalimu." Akanihesabia thelathini na tano kiganjani, sarafu moja moja. Kisha akachukua kikombe changu, akakisuuza, akauliza bila kuniangalia:

"Ile sufuria inawasumbua?"

"Haisumbui," nikasema.

"Ile haitaki moto mkubwa mwanzoni. Na pale palipobonyea, unapageuzia ukutani." Akamkabidhi fundi aliyefuata kikombe kilekile. "Baba watoto anakula?"