Kutembea Tu, Mtwara

Huku kwetu Masasi, mume na mke wakionekana stendi pamoja na begi moja, basi kuna mgonjwa hospitali ya Ndanda au kuna msiba mahali. Ndiyo maana Ijumaa ile, tuliposema tunakwenda Mtwara kutembea tu, konda aliniangalia usoni akapunguza sauti: "Poleni sana." Baba Zai akaitikia, "Tumeshapoa," ili yaishe.

Njiani hakuna la kusimulia. Ndanda, Mtama, Mnazi Mmoja, watu wanashuka wengine wanapanda, na kuku wa mtu chini ya kiti changu. Siti za mbele tulizolipia tulizikuta zimekaliwa, na kurudishiwa tofauti ya hela ni ndoto.

Magharibi tukawa gesti. Binti wa mapokezi akatupokea begi, akatuamkia vizuri, "Shikamooni." Tukaitikia marahaba. Kisha, bila hata kumeza mate, akauliza: "Mnalala au mnapumzika?"

Nina watoto wanne. Mkubwa yuko kidato cha pili. Nilikuwa nimejifunga kilemba cha kwendea kwenye vikao vya shule, nimebeba kapu lenye chapati za njiani na dawa ya presha ya huyu mzee. Nikamgeukia mume wangu anisaidie kukasirika. Namwona ananyoosha mgongo! Anaweka sawa kola ya shati! Nadhani ni mwaka wa kumi hivi hakuna mtu aliyemdhania jambo kama hilo.

"Tunalala," nikasema. "Leo na kesho. Na huyu ni mume wangu."

"Sawa, mama," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeambiwa hivyo kila siku.

Kikaja kitabu cha wageni. Jina, kabila, utokako, uendako, sababu ya safari. Baba Zai akaandika "kutembea". Binti akasoma, akainua macho.

"Kutembea wapi, baba?"

"Hapahapa."

"Mna ndugu?"

"Hatuna."

"Semina?"

"Hakuna."

Akachukua kalamu, akakata, akaandika "biashara". Akafunga kitabu.

Chumba cha feni elfu ishirini na tano, cha kiyoyozi elfu arobaini. Tukalipa arobaini kwa sababu ni safari yenyewe. Kumbe rimoti inakaa mapokezi, moja kwa vyumba vyote: unaiazima, unawasha, unairudisha. Saa tisa usiku baridi imetuingia kwenye mifupa, mapokezi pamefungwa, na sisi tumejifunika doti yangu ya kanga pamoja na taulo lao, ambalo halikutosha hata miguu. Elfu arobaini hiyo.

Jumamosi tukaenda Mikindani. Bajaji alitutoza elfu kumi na tano, wakati daladala zinapita hapohapo. Mji ni wa zamani kweli: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, nyingine paa limeshaanguka na mti umeota sebuleni. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu kidogo, jeupe, na mnara wake. Livingstone naye alipita hapa mwaka 1866 akianza safari ambayo hakuimaliza hai. Yote hayo tuliyaona upesi, maana barazani alikuwepo mzee mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kwa nani?"

"Hatujaja kwa mtu. Tunatazama mji."

Akatafuna jibu hilo kwa muda. "Mnatafuta kiwanja," akasema. Hakuwa anauliza. Akachukua fimbo, akavaa kandambili, akatuongoza vichochoroni mpaka penye mbuyu. Milioni tatu. Tulipokaa kimya akashusha hadi mbili na nusu, kwa sababu tumemwamkia vizuri. Nilitegemea mume wangu amshukuru tuondoke. Wapi! Alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua, upande hadi upande, akiuliza maji yanatoka siku gani na hati iko kwa nani. Jua la saa saba, mimi nimesimama kwenye kivuli cha mbuyu nimeshika begi.

Aliyeniokoa ni mjukuu wa mzee, alipita na beseni la ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu. Akatuwekea kwenye karatasi, na chumvi ya pilipili pembeni. Mng'oko mwembamba kama kidole, unaumenya kwa kucha ganda linatoka jembamba, unachovya, unatafuna. Mzee akala nasi, na habari ya kiwanja ikaahirishwa mpaka msimu wa korosho.

Jioni ilikuwa ufukwe wa Shangani, pweza wa bei ya mbuzi. Baba Zai akaanza habari za bandari: Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga zao, mradi ulianza 1947 ukafa 1951, na reli ya kwenda Nachingwea ikaja kung'olewa. Ingekuwepo, akasema, labda tungekuja kwa treni. Nikamwambia hata mkata tiketi angetupa pole.

Bahari hii mimi nilishaiona, lakini siku zote tukiwa na shughuli. Tunampeleka mtu hospitali ya Ligula, tunamzika mjomba, nayo inapita dirishani. Nyumbani, jua likizama tunazungumza salfa ya mikorosho, ada, na nani hajarudisha jembe. Pale mchangani hatukuwa na la kuzungumza, na ilituchukua muda kuzoea. Akanimenyea chungwa.

Jumapili tulirudi kwa gari bovu kuliko la kwanza, nauli ileile.

Sijavua hata viatu, jirani huyo, kanga kiunoni, elfu mbili ameikunja kiganjani. Nikamweleza kwamba hakuna aliyekufa, tulikwenda kuangalia bahari, mimi na mume wangu, basi. Akaniangalia kwa huruma sana. Akanisogelea.

"Mama Zai, mimi si mtu wa kutangaza. Ni upande wako au upande wa baba?"