Jamaa wa Kulia Kwangu

Asubuhi imeingia tena ile meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Binti yangu akaisoma, akacheka, kisha akauliza, "Baba, wewe ulishawahi kupigwa?" Nikamwambia chai inapoa.

Kupigwa nilipigwa, tena huku nacheka. Ilikuwa 1997, Kirumba, Mwanza, kwenye banda la video jirani na soko la samaki la Mwaloni, lile la mabati ambalo harufu ya dagaa ilikuwa inaingia bila kiingilio. Mama alinituma nimpelekee mtu wa mtumbwi noti nane za elfu moja, deni la dagaa. Nikajiambia nachungulia dakika tano tu.

Kanda ilikuwa ya matapeli wawili wa pwani ya Ufaransa, Michael Caine na Steve Martin. Jina lake, Dirty Rotten Scoundrels, nimekuja kulijua ukubwani; sisi tuliiita Matapeli, basi. Wanashindana nani atamkamua dada mmoja dola 50,000. Steve Martin kajifanya mwanajeshi aliyepooza miguu, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Caine naye kajifanya daktari bingwa. Anachukua fimbo, anamchapa miguuni apime kama anahisi. Chwa! Mgonjwa akilia tu, kaumbuka. Macho yanamtoka, mdomo unalazimisha tabasamu. Mfasiri wetu na maiki yake: "Unasikia kitu?" "Hapana dokta, labda kaupepo ka ziwani." Banda zima hoi.

Jamaa wa kulia kwangu alicheka kuliko wote. Kila fimbo ikishuka, naye ananipiga paja. Chwa, paa! Chwa, paa! Akapaza sauti, "Rudisha!" Mfasiri akarudisha kanda, tukachapwa upya. Mpaka leo yule mfasiri namuwaza.

Mwishoni matapeli wakalizwa na dada yule yule. Taa ikawaka. Kulia kwangu benchi tupu. Mfukoni kitambaa nilichofungia hela hakipo.

Nyumbani nikasema hela imeniponyoka nikiwa napanda mtumbwi, ikazama. Mama alikuwa anaanua dagaa, hata kichwa hakuinua.

"Noti au sarafu?"

"Noti, mama."

"Noti inaelea," akasema, akaendelea kuanua.

Deni lililipwa wiki ile ile. Kwa hela ipi, sikuuliza, na sasa wa kumuuliza hayupo.